Usukani Huazima Maji

Ukishuka kutoka ukuta wa Lubiri, ikulu ya Kabaka huko Mengo, kuelekea Ndeeba utalikuta ziwa ambalo halikuletwa na mto wala tetemeko la ardhi. Lilichimbwa kwa majembe, kwa amri ya mfalme wa Buganda, Kabaka Mwanga II, kati ya mwaka 1885 na 1888. Azma yake ilikuwa kuliunganisha kwa mfereji na Nyanza, yaani Ziwa Victoria, upande wa Munyonyo, takriban kilomita 10 kutoka Mengo, ili mitumbwi ya mfalme ipande hadi karibu na mlango wa ikulu. Mfereji haukufika. Watu walichoshwa na kazi ya shuruti, machifu wakanung'unika, na Septemba 1888 Mwanga akapinduliwa. Cheche ya mwisho nayo ilihusu mitumbwi: habari zilienea kwamba Kabaka anakusudia kuwapakia vijana Waislamu na Wakristo, awavushe hadi kisiwani na kuwatelekeza huko. Vijana wakagoma kupanda. Muda si mrefu Kabaka mwenyewe ndiye aliyekimbia kwa mtumbwi, akivuka ziwa kwenda kusini.

Habari ya mfereji husimuliwa kama habari ya siasa, na ni sawa. Lakini ndani yake limo swali la kifundi ambalo sijasikia likiulizwa. Tuseme mfereji ulikamilika. Chombo kirefu kingepindaje humo ndani? Jibu linategemea kifaa kinachokiongoza, na katika Ziwa Victoria historia ya kifaa hicho ni ndefu kuliko wengi tunavyodhani.

Mitumbwi ya Buganda haikuwa na usukani. Hilo halikutokana na uchache wa ujuzi. Henry Morton Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1875 alikuta kikosi cha mamia ya mitumbwi, akaupima mmoja mkubwa: urefu futi 72, upana futi 7 na inchi 3, na mbao 32 za kukalia wapiga kafi 64, mbali na rubani. Kwa vipimo vya leo hiyo ni kama mita 22 kwa mita 2.2. Uti wa mtumbwi ulichongwa kutoka gogo moja, ubavuni ukaongezwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mmea, bila msumari hata mmoja. Mbele, uti ulichomoza juu ya maji kama mdomo wa ndege, na juu yake ikasimamishwa nguzo iliyopambwa kwa pembe za swala. Mkuu wa kikosi chote alikuwa Gabunga, kiongozi wa ukoo wa Mamba, ukoo wa kamongo, samaki yule wa matopeni. Na Mukasa, mungu wa ziwa ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe huko Ssese, aliwakilishwa katika mahekalu yake mengine kwa kafi.

Waliokuwa na mungu wa kafi walijua kafi linafanya nini. Wapiga kafi walikaa wakitazama mbele, wawili wawili, na nyuma kabisa, kwenye tezi, alikuwapo mtu wa kuongoza. Kafi lake likisimamishwa wima ubavuni huivuta tezi upande mmoja. Akitaka kupinda kwa nguvu, upande mmoja wa wapiga kafi huendelea mbele na upande wa pili hupiga kinyume. Mtumbwi wa mita 22 huzunguka papo hapo, uwe safarini au umesimama tuli kati ya mafunjo. Hapo ndipo kafi na usukani vinapoachana. Kafi hujitengenezea mkondo wake kwa nguvu za mkono. Usukani hauna mkondo wake wenyewe. Huazima maji yanayopita. Yasipopita, ni ubao tu uliotundikwa nyuma ya chombo.

Watu wengi, hata baadhi ya wanaoishi kwa kuendesha boti, hudhani usukani hufanya kazi kwa kuziba njia ya maji upande mmoja. Sivyo hasa. Bamba likikaa mshazari kidogo, maji hupita pande zake zote mbili, lakini upande wa nyuma ya bamba yanakwenda kasi zaidi na shinikizo linashuka. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka huko, kwenye upande unaovuta, kuliko upande unaosukumwa. Ndiyo maana masukani ya meli za sasa hayatengenezwi kwa ubao bapa. Hukatwa kwa umbo la bawa la ndege, nene mbele na jembamba nyuma. Ndiyo maana pia kuna kikomo. Ukiupinda usukani kupita kiasi, maji huacha kuufuata mgongo wake, yanavurugika, na mshiko unapotea. Kwa masukani ya kawaida mipaka imewekwa kwenye digrii 35 kila upande.

Jambo la pili linalofichika ni kwamba usukani hauielekezi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Unaisukuma tezi. Ukitaka kwenda kulia, usukani huitupa tezi kushoto, chombo kizima kinakaa kimshazari dhidi ya maji, na hapo ubavu wa chombo wenyewe ndio unaopokea kazi kubwa ya kukipindisha. Chombo kinapokwenda mbele, mahali kinapozungukia pako karibu na omo, kiasi cha robo au theluthi ya urefu kutoka mbele. Nahodha anayeingia gatini akitazama omo peke yake atalibomoa gati kwa tezi.

Na nguvu yote hiyo hufuata mraba wa mwendo. Kasi ikishuka hadi nusu, usukani unabaki na robo ya nguvu. Ikishuka hadi theluthi, imebaki sehemu moja ya tisa. Hesabu hii, kwa maoni yangu, ndiyo inayostahili kubandikwa kwenye kila mwalo kuanzia Ggaba hadi Kasenyi, kabla ya mabango mengine yote.

Usukani wa kutundikwa ulifika Nyanza kutoka pwani. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa nao tangu zamani. Mwanajiografia al-Muqaddasi, aliyeandika kuelekea mwisho wa karne ya 10, anaeleza jinsi vyombo vya Bahari ya Shamu vilivyokwepa miamba: nahodha juu akiyachungulia maji, vijana wawili wakipaza amri yake ya kulia au kushoto, na mshika usukani akiwa na kamba mbili mkononi, akiivuta hii au ile. Wachina walikuwa wametangulia; huko Guangzhou umefukuliwa mfano wa merikebu ya udongo wa karne ya 1 wenye usukani nyuma. Kwenye jahazi na mashua za Waswahili usukani ulining'inia kwenye tezi kwa pini, ukashikwa kwa mti wa kana. Kana ina tabia ya kumchanganya mgeni: ukiisukuma kushoto chombo kinakwenda kulia. Hata kwenye meli kubwa za Waingereza, hadi miaka ya 1930, amri ilitolewa kwa kufuata upande wa kana, kwa hiyo nahodha akitaja kulia meli ilipinda kushoto. Inashangaza kwamba hawakugongana zaidi ya walivyogongana.

Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa pwani aliyejulikana kwa jina la Songoro alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe. Chombo hicho kiliponza roho. Wamisionari wa CMS walipatana naye wakinunue, ukatokea ugomvi na mfalme Lukonge, na Desemba 1877 Songoro akauawa pamoja na Luteni Shergold Smith na O'Neill. Wakati huo Mengo ilikuwa hata haijawa mji mkuu wa Buganda. Lakini habari za vyombo vyenye tanga na usukani zilikuwa zimeshafika kwa wafalme wa Buganda, na si vigumu kuelewa kwa nini ziliwavutia. Jahazi moja lenye watu wachache hubeba mzigo ambao mtumbwi ungeubeba kwa watu sitini, na hao sitini wanakula.

Kwa upande mwingine, jahazi lilikuwa na udhaifu ambao Gabunga asingeukubali. Lisipopata upepo halina mwendo, na lisipokuwa na mwendo halina usukani. Tena kuna suala la kina. Bamba refu kwenda chini na jembamba hushika maji vizuri kuliko fupi na pana lenye eneo lile lile, ila hulipa gharama mbili: hupoteza mshiko mapema ukilipinda sana, na hugonga chini. Pwani mabaharia huyangoja maji yajae, au huung'oa usukani chombo kinapopwelewa. Nyanza haina kujaa na kupwa kwa maji kunakotegemewa. Ina fukwe za kina kifupi, mafunjo na mawe yanayojificha. Kafi huinuliwa tu.

Kisha ukaja mvuke. Meli ya William Mackinnon iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan huko Paisley, Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ambako iliteremshwa majini mwaka 1900, mwaka mmoja kabla reli haijafika ziwani. Baadaye zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill, na upande wa Uganda bandari ya Luzira ikapewa jina la Port Bell, kwa heshima ya gavana Hesketh Bell. Meli hizi zilileta kitu ambacho jahazi halikuwa nacho. Rafadha, yaani pangaboi la meli, huwa mbele ya usukani, na maji inayoyarusha nyuma hupita juu ya bamba moja kwa moja. Meli iliyosimama kabisa inaweza kuitupa tezi yake pembeni: nahodha anapinda usukani hadi mwisho, anapiga injini mbele kwa muda mfupi, maji yanapiga bamba, tezi inahama kabla meli haijaanza kwenda. Sasa usukani una mahali pa kuazima hata pasipo mwendo.

Ila mkopo huo ni wa upande mmoja. Injini ikirudishwa nyuma, rafadha hurusha maji kuelekea omo na usukani unabaki ukiwa na maji dhaifu tu. Zaidi ya hayo, rafadha moja inayozunguka kwenda kulia huivuta tezi kushoto inaporudi nyuma, usukani upende usipende. Manahodha hodari hutumia kasoro hiyo kuegesha. Wasio hodari huilaani. Suluhisho la meli kubwa za ziwa lilikuwa kuweka rafadha mbili, moja kila upande. Moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma, meli huzunguka palepale. Msomaji atakuwa ameshaona: ni kazi ile ile ya wapiga kafi wa Gabunga, upande mmoja mbele, upande wa pili kinyume, safari hii kwa dizeli.

Uwezo huo haukuwa anasa. Meli za Uganda za kubeba mabehewa, Kabalega, Pamba na Kaawa, zilipaswa kufika gatini kwa namna ambayo reli za sitaha zinakutana na reli za nchi kavu. Kosa la kipimo cha kiganja na behewa halipiti. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Ziwa lenye ukubwa wa nchi, na meli mbili za mwenye mmoja zikakutana.

Umbo la bamba nalo lina siasa yake. Usukani wa zamani ulikuwa kama mlango: bawaba pembeni, bamba lote nyuma ya bawaba, na mwendo ukiongezeka anayeushika anapambana na uzito wa maji yote. Wabunifu waliuhamisha mhimili ukaingia ndani ya bamba, sehemu ndogo ikabaki mbele yake. Maji yanayoipiga sehemu hiyo ya mbele husaidia kuugeuza usukani, na mashine ya kuusukuma inaweza kuwa ndogo. Ukiisogeza mbele mno, usukani hutaka kujipinda wenyewe na hautaki kurudi. Kuhusu ukubwa, meli nyingi za mizigo huwa na bamba la sehemu moja ya 60 hadi ya 70 ya eneo unalopata ukizidisha urefu wa meli kwa kina chake majini. Ni dogo ajabu ukilinganisha na kinachogeuzwa. Nao mkataba wa kimataifa wa SOLAS unadai kwamba meli ikiwa kwenye mwendo wake wa juu kabisa, mtambo mkuu uweze kuupeleka usukani kutoka digrii 35 upande mmoja hadi digrii 30 upande wa pili kwa muda usiozidi sekunde 28. Sekunde 28 ni nyingi kwa mtu anayeona mwamba mbele.

Turudi kwenye mfereji wa Mwanga. Katika njia nyembamba, maji yanayobanwa kati ya ubavu na ukingo hukimbia zaidi, shinikizo linashuka, na tezi huvutwa kuelekea ukingo huku omo ikisukumwa mbali nao. Kadiri chombo kinavyokwenda kasi ndivyo mvuto unavyozidi, kwa hiyo dawa ya kawaida, kuongeza mwendo ili usukani ushike, inakuwa sumu. Ulimwengu mzima ulilitazama jambo hili kwenye televisheni Machi 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilipokwama mshazari katika Mfereji wa Suez kwa siku sita. Upepo ulikuwamo, na mvuto wa kingo ukawa sehemu ya mjadala wote wa wataalamu. Kwa meli ya mvuke ya Kisumu, mfereji wa majembe kutoka Munyonyo hadi Mengo ungekuwa mtego. Kwa mtumbwi wa kafi ungetosha kabisa. Mwanga alichimba kulingana na chombo alichokuwa nacho, na katika hilo sioni kosa lake. Kwenye barabara ya Kabaka Anjagala, ile iliyonyooka kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi Lubiri, upo mzunguko ambao sisi wengine wote tunauzunguka, naye Kabaka peke yake hufunguliwa geti apite katikati bila kukata kona. Majini hata mfalme hukata kona.

Kukata kona kuna hatari yake. Meli nzito ikipewa usukani wa ghafla, kwanza hulalia ndani ya kona, kidogo tu, kisha inainamia nje na kubaki hivyo. Mzigo ukiwa juu, maegemeo hayo huwa makubwa. Mshika usukani akiona meli inalala, mkono wake hutaka kuurudisha usukani haraka. Hilo ndilo kosa, kwa sababu nguvu ya usukani iliyo chini majini ilikuwa inapingana na maegemeo. Ukiiondoa ghafla meli hulala zaidi. Inatakiwa kupunguza mwendo na kuurudisha usukani polepole. Feri ya Sewol ya Korea Kusini, Aprili 16, 2014, ilikata kona ikiwa na mzigo uliozidi na usiofungwa vizuri; watu 304 walikufa, wengi wao wanafunzi. Boti nyepesi zinazoteleza juu ya maji hulalia ndani ya kona, na ndiyo maana dereva aliyezoea hizo huchelewa kuielewa feri.

Kwetu ziwani, Septemba 20, 2018, feri ya Tanzania MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara ikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 waliotakiwa. Zaidi ya watu 220 walikufa. Rais wa Tanzania wakati huo, John Magufuli, alisema nahodha hakuwamo na kwamba usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo. Miezi miwili baadaye Mengo ilikosa usingizi kwa ajili ya boti ya starehe ya Templar iliyozama, ambamo Prince David Wasajja, ndugu wa Kabaka, alikuwa miongoni mwa waliookolewa. Hiyo ya Templar naiweka kando: boti ilijaa kupita kiasi na haikuwa na leseni, na usukani bora duniani usingeisaidia.

Boti nyingi zinazovusha watu leo kutoka Ggaba au Munyonyo hazina usukani wowote wa kutundikwa. Injini ya Yamaha iliyofungwa kwenye tezi ndiyo kila kitu. Dereva anaishika kwa mkono wake kama kana, anaisukuma kushoto, boti inakwenda kulia, na rafadha yenyewe ndiyo inayogeuka na kuusukuma mkondo pembeni. Kifaa hiki kina nguvu nyingi ya kupinda hata boti ikiwa karibu imesimama, mradi injini inavuta. Ikiacha kuvuta kinabaki kijiti chembamba cha chuma ndani ya maji, kidogo kuliko usukani wa ngalawa. Machi 26, 2024, meli ya Dali ilizimika umeme ikitoka bandari ya Baltimore, rafadha ikasimama, usukani ukabaki bila maji ya kuazima, na meli ikaliangusha Daraja la Francis Scott Key. Watu sita walikufa. Kwenye boti ya Ggaba tatizo hilohilo huletwa kwa hiari. Dereva anaona boti nyingine gizani au nyavu mbele, anashtuka, anakata moto wote, ndipo anaisukuma injini pembeni. Boti inaendelea moja kwa moja kana kwamba haikuguswa, kwa uzito wake na abiria wake. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: pinda kwanza injini ikiwa bado inavuta, acha omo ihame, kisha punguza.